Hewa Iliyokuwa Ndani ya Jiwe

Majirani walimwita Daktari, na daktari alikuwa kweli, ila wa mawe. Alishachoka kulieleza hilo. Mama mmoja wa jirani alipokuja kumwonyesha goti lililovimba, alimwambia, "Dada yangu, mimi nashughulika na mawe tu." Yule mama akapiga makofi kwa furaha. "Basi umepatikana! Mume wangu ana mawe kwenye figo."

Kazini nako walimwita Daktari, isipokuwa watu wawili. Kaka yake, fundi wa kukata na kusaga mawe katika maabara ileile, alimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yao. Na mke wa kaka yake, aliyekuwa mtunza stoo wa maabara, alimwita wifi. Siku akiwa na jambo moyoni alilivuta neno hilo mpaka likaota kona: "Wiiifi." Siku za namna hiyo hazikuwa chache.

"Mimi nikimtuma mume wangu chumvi dukani anasema kachoka," wifi alipenda kusema mbele za watu. "Wewe ukimtuma mlimani anauliza mlima upi."

Maabara yenyewe ilikuwa jengo la kale lililokaa kwenye mteremko. Ukiingia kwa mlango wa mbele, kutoka barabarani, ulikuta ofisi, stoo na chumba cha darubini. Ukishuka ngazi za ndani ulifika chumba cha chini, ambacho upande wa mbele kilikuwa kimefukiwa na udongo, lakini upande wa nyuma kilitokea uani kwa mlango mpana wa chuma, uliowekwa zamani wa kupitishia mizigo. Mlango ule haukutumika tena. Masanduku ya sampuli yalipokosa nafasi stoo yalipelekwa uani na kuegemezwa hapohapo, safu juu ya safu, hadi watu wakasahau kwamba nyuma yake kuna mlango. Kilichobaki cha kukipa chumba kile hewa ni feni moja kubwa iliyofungwa ukutani karibu na sakafu, ikivuta hewa chafu na kuitupa nje.

Mawe ya siku ya balaa yalitoka kwenye kitu ambacho wachimbaji wa kokoto walikiita Ukuta. Katikati ya vilima vya granaiti nyeupe ulipita mkanda wa mwamba mweusi, upana wake kama chumba cha kulala, umesimama wima ardhini, ukitoka kilima hiki na kuingia kile bila kupinda. Wachimbaji hawakuutaka. Ulikuwa na ulanga mwingi unaometameta kama shaba, na jiwe lake likikaa mvuani msimu mmoja tu linamung'unyika mkononi kama biskuti ya zamani. Daktari aliupenda kupita kiasi. Alijua kwamba Ukuta ule zamani ulikuwa ufa. Ardhi ilipasuka, mwamba ulioyeyuka ukapanda kutoka chini, ukaujaza ufa, ukapoa humo na kuganda. Tena haukuwa mwamba wa kawaida. Ulijaa magadi na potasi, vitu ambavyo mwamba hauvipati kwa wingi kiasi hicho ila uwe umezaliwa kina kirefu sana, chini kabisa ya ganda la dunia. Alitaka kujua ulitoka kina gani, na lini.

Hilo la lini ndilo lililoleta balaa. Ndani ya jiwe lile mlikuwa na punje fulani, ndogo kuliko chembe za chumvi, zenye urani kidogo. Urani hugeuka kuwa risasi, ile metali, kwa mwendo wake uleule usiobadilika, kwa hiyo mwenye mashine nzuri akizipata punje hizo anaweza kuhesabu umri wa mwamba. Lakini kuzipata ni kazi. Lazima uponde jiwe jingi, ulitie kwenye asidi iyeyushe yale yasiyotakiwa, kisha uchekeche mabaki.

Mara ya kwanza Daktari alikuwa amechukua mawe ya pembeni, pale Ukuta unapogusana na granaiti. Aliyadondoshea asidi, likatoka povu la kutania tu, kisha kimya. Safari ya pili tingatinga la watengeneza barabara lilikuwa limeupasua Ukuta katikati, naye akajaza magunia mawe ya ndani. Kwa macho yalikuwa yaleyale: meusi, yenye ulanga. Kaka yake akayaponda kutwa nzima, na asubuhi iliyofuata akasimama kwenye mlango wa chumba cha darubini, vumbi limemjaa nyusi.

"Kitinda, magunia yote kwa pamoja?"

"Yote, kaka. Yale ya kwanza hayakuchemka, na haya ni ndugu zao."

"Ndugu si lazima wafanane. Hebu tutazame mimi na wewe."

Akacheka, kwa kuwa yeye alikuwa mrefu wa kuinama milangoni na dada yake alikuwa mfupi wa kupanda kiti kufikia rafu. Akavaa miwani ya kinga na glavu, akashuka. Baada ya muda feni ilisikika ikiunguruma huko chini, na Daktari akarudi kwenye darubini yake.

Chini ya lenzi aliweka kipande cha jiwe jipya. Kaka yake alikuwa amekikata na kukisugua mpaka kikawa chembamba kuliko karatasi, mwanga ukapenya. Daktari alitarajia kuona ulanga, na madini ya kijani, na huku na kule doa jeupe. Akaona weupe umetapakaa. Alipozungusha kioo, weupe ule ukageuka rangi za waridi na kijani hafifu, zikiwaka na kufifia. Alizijua rangi zile. Ilikuwa chokaa iliyoganda fuwele fuwele. Karibu nusu ya jiwe ilikuwa chokaa ya moto, iliyopanda kutoka chini pamoja na mwamba wenyewe.

Kwanza alifurahi. Alifurahi mpaka akajikuta anaguna peke yake. Maana yake ilikuwa kwamba mwamba ule ulipoyeyuka kule kuzimu ulikuwa umebeba hewa ya ukaa kwa wingi, na kwamba katikati ya ufa, palipochelewa kupoa, hewa ile haikupata pa kutokea. Ikanaswa. Ikaganda pamoja na jiwe. Akanyoosha mkono kuchukua kalamu.

Ndipo taa ya darubini ikazimika.

Umeme ulikuwa umekatika, jambo la kawaida. Jenereta ikakohoa, ikashika, taa ikarudi. Daktari akainamisha tena jicho kwenye lenzi, akauona tena ule weupe wa chokaa. Chokaa ikikutana na asidi hutoa hewa ya ukaa. Magunia yote kwa pamoja. Na jenereta ile ililisha orofa ya juu peke yake.

Akatega sikio. Feni ya chini ilikuwa kimya.

Hakukumbuka baadaye alivyofika ukumbini. Alikumbuka mlango wa ngazi ukiwa wazi, na mwanga dhaifu uliopita kwenye kidirisha cha vioo vizito juu ya ukuta. Mapipa ya asidi yalikuwa yamefura povu la kijivu, povu likimwagika na kutambaa sakafuni, likitoa sauti kama mafuta ya kukaangia yanayochemka. Na chini, kwenye ngazi za mwisho, kaka yake alikuwa amelala kifudifudi. Miguu ilikuwa sakafuni. Kifua na kichwa vilikuwa vimelalia ngazi, mkono mmoja umenyooka mbele, kama mtu aliyekuwa akipanda akachoka ghafla.

"Kaka!"

Hakujibu. Lakini mgongo wake ulikuwa ukipanda na kushuka, haraka haraka, isivyo kawaida.

Daktari alishuka mbio. Alikuwa amevuka nusu ya ngazi alipohisi ladha ya uchachu kwenye ulimi, na mchomo puani, kama soda inapokupalia. Pumzi zake zikaanza kukimbia zenyewe bila ruhusa yake. Moyo ukagonga masikioni. Aliivuta hewa kwa nguvu zote na hewa haikumshibisha. Kaka yake alikuwa karibu kiasi kwamba aliona vumbi la jiwe kwenye nywele zake. Hatua chache tu.

Akageuka, akapanda kwa mikono na miguu, akamwacha.

Alipofika juu alijitupa ukutani akihema, machozi yakimtoka kwa ule uchachu, na hofu aliyokuwa nayo hakuwahi kuijua maishani. Hakuwa akiogopa giza wala moto wala mtu mwenye silaha. Chumba kile kilikuwa kimetulia, kina mwanga wa asubuhi, na kilikuwa kinaua. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Hutuama mahali pa chini, ikapanda kidogo kidogo kama maji kwenye beseni, wala huioni. Na mapipa bado yalikuwa yakichemka.

Wifi alitoka stoo akiwa na kitambaa cha vumbi mkononi. "Kuna nini? Nani kapiga kelele?" Akachungulia ngazini. Kitambaa kikamdondoka.

"Baba watoto!"

Daktari alimdaka kiunoni mguu wake ukiwa tayari kwenye ngazi ya kwanza. Wifi alikuwa mwanamke wa miraba minne, mbeba masanduku, na kwa muda walivutana pale mlangoni kama watu wanaogombania gunia.

"Niache! Huoni kaanguka?"

"Wifi, humo hakuna hewa. Nimeshuka sasa hivi, nimeshindwa."

"Umeshindwa wewe!"

"Ukishuka utaanguka juu yake. Nitakuwa na watu wawili chini."

"Niache nimtoe mume wangu!"

Akamng'ata. Meno yaliingia kwenye kiganja na Daktari hakuachia. Mlinzi wa getini, askari mstaafu ambaye wote walimwita Afande, alifika mbio, akaangalia chini, akaanza kuvua shati. "Nalilowesha maji najifunga puani. Jeshini tulifundishwa."

"Afande, huo si moshi. Kitambaa hakizuii kitu. Piga simu gari la wagonjwa lije, uwaambie ni hewa ya ukaa, walete mitungi ya oksijeni."

"Na wewe unafanya nini?" wifi alifoka.

Daktari alimsukuma wifi nyuma kwa bega, akauvuta mlango wa ngazi, akaufunga, akazungusha ufunguo, akauchomoa.

Wifi alimtazama kama anayetazama mtu asiyemjua. Kisha akapiga yowe ambalo walilisikia mpaka barabarani. "Unamfungia! Unamfungia ndani kaka yako!"

"Mlango wa nyuma," Daktari alisema. "Mlango wa nyuma upo chini sawa na sakafu. Tukiufungua hewa ile itatoka yenyewe, itateremka uani. Njoo na mtaimbo. Wifi, tafadhali. Mtaimbo uko kwako stoo."

Akakimbia bila kungoja. Alipokuwa anazunguka jengo alisikia wifi akiupiga mlango kwa ngumi, mara kwa mara, kisha kimya. Kimya kile kilimtia hofu kuliko makelele. Alidhani amepata njia nyingine ya kushuka.

Uani yale masanduku yalikuwa yamesimama mpaka juu ya kichwa chake, kila moja limejaa mawe. Akavuta la kwanza, likamwangukia miguuni na kumwaga vipande vyeusi vya Ukuta. Akavuta la pili. Kucha zikavunjika. Alifikiri: hayaishi haya. Alifikiri juu ya ule mgongo uliokuwa ukipanda na kushuka, na hapa nyuma ya ukuta hakuwa na njia ya kujua kama bado unapanda. Alikuwa ameuacha akiuona kwa macho yake mwenyewe, akaja mahali asipouona. Kama alikuwa amekosea, kama mlango umefungwa kwa ndani, kama kutu imeushika, basi amemfungia kaka yake chumbani akafe peke yake, na ufunguo uko mfukoni mwake.

Mkono mnene ukapita mbele ya uso wake na kung'oa sanduku la juu. Alikuwa wifi. Alikuwa ameutupa mtaimbo chini pamoja na kamba ya kufungia magunia, na sasa alikuwa akirusha masanduku nyuma yake kana kwamba yamejaa pamba, analia na kurusha, kamasi zinamtoka, hafuti. Afande akaja upande wa pili. Mawe yaliyokuwa yamepangwa kwa miaka yakatawanyika uani.

Mlango ukaonekana. Kufuli lilikuwa limekula kutu likawa bonge. Afande aliingiza mtaimbo, akaning'inia, kufuli likagoma. Wifi akamsukuma pembeni, akaning'inia yeye na uzito wake wote, na pete ya kufuli ikakatika kwa mlio. Wakauvuta mlango watatu kwa pamoja. Ulilia, ukanata, ukaachia.

Hakikutoka kitu. Hilo ndilo lililomtisha Afande, alisimulia baadaye, kwamba alingoja moshi, au mvuke, au upepo, na hakikutoka kitu. Ila majani makavu yaliyokuwa kizingitini yalisogea, yakaanza kuteremka uani polepole, yote kwa mwelekeo mmoja.

"Rudini nyuma. Pandeni hapo juu," Daktari alisema. "Afande, kiberiti."

Afande aliwasha njiti, akaishusha chini kwa mkono ulionyooshwa. Ilipofika usawa wa goti ikazimika kana kwamba imeminywa na vidole. Akawasha nyingine. Ikazimika hapohapo.

"Inatoka," Daktari alisema. "Lakini haitoki haraka mpaka iingie nyingine kwa juu. Lazima ule mlango wa ngazi ufunguliwe."

Akautoa ufunguo mfukoni. Mtu wa kumtuma alikuwa mmoja tu, kwa kuwa mikono ya Afande ilihitajika kwenye kamba. Wifi naye alilielewa hilo. Wakatazamana.

"Fungua, ukae hukohuko juu," Daktari alisema. "Usishuke. Wifi, nakuomba kwa watoto wako. Ukishuka sitaweza kuwabeba wawili."

Wifi aliunyakua ufunguo na kutoweka.

Daktari alijifunga kamba kiunoni, ncha nyingine akampa Afande. "Nikianguka, vuta. Usinifuate." Afande akaitika kwa kichwa. Njiti sasa iliwaka usawa wa goti, ikazimika karibu na kisigino. Huko ndani mlango wa juu ulisikika ukigonga ukuta, na upepo mwembamba wa kawaida, wenye harufu ya karatasi na chai ya ofisini, ukashuka ngazi na kutokea uani. Daktari akavuta pumzi, akaifunga kifuani, akaingia.

Povu liliteleza. Mapipa yalitokota pembeni yake na macho yakamwasha. Alimshika kaka yake chini ya makwapa, akavuta, na kaka yake hakusogea, urefu wote ule. Akavuta tena. Kifua kilikuwa kinamlipuka. Aliinua macho, akamwona wifi kule juu, miguu yote miwili kwenye ngazi ya kwanza, ameshika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, mwili wake mzima umeinamia chini kama mti uliopigwa na upepo, na hashuki. Alikuwa akiita, "Baba watoto, amka! Amka, baba watoto!" Kila neno alikuwa akilisema kwa meno yaliyofungwa.

Kaka yake aliteleza ngazi moja, kisha akateleza zote. Daktari alimburuta juu ya povu kuelekea kwenye mwanga. Kamba ilikaza kiunoni, Afande akavuta wote wawili, na walipotoka nje Daktari hakusimama, akamburuta mpaka juu ya mteremko, hewa ile isikowafikia, ndipo akaachia pumzi.

Uso wa kaka yake ulikuwa na rangi mbaya. Wifi alifika akapiga magoti, akamweka kichwa mapajani. Muda ukapita ambao hakuna hata mmoja wao aliyetaka kuusimulia baadaye. Kisha kaka mtu akakohoa. Akatapika. Akafungua jicho moja, akaona masanduku yaliyopinduliwa na mawe yaliyotapakaa uani.

"Nani kamwaga sampuli?" akasema.

Wifi alimpiga kofi la bega, akamkumbatia, akalia kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Hospitalini walimwekea oksijeni. Tabibu, kijana mwenye haraka, aliwaambia ukumbini kwamba ana bahati: kifua kilikuwa kimelala juu ya ngazi. Angeangukia sakafuni, wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Kisha akaenda zake, na mawifi wawili wakabaki kwenye benchi moja, kati yao nafasi ya kukaa mtu wa tatu.

"Ungeniacha, ningemtoa," wifi alisema, bila kumwangalia.

"Usingemtoa."

"Hujui."

Daktari alikifikiria kile kiganja chake, kilichokuwa kimefungwa bandeji. "Sijui," akasema.

"Ningemtoa au tungekufa wote. Na wewe ungekuwa juu na ufunguo wako."

"Ndiyo."

Wifi akauliza, kwa sauti ndogo ambayo Daktari hakuwahi kuisikia kwake, "Ulipofunga mlango, ulikuwa na uhakika?"

"Hapana."

Wifi akafunika uso kwa mikono.

Jioni waliruhusiwa kuingia. Kaka mtu alikuwa ameegemea mito, ana maumivu ya kichwa, hakumbuki kitu baada ya kuona povu na kushuka kulizima kwa maji. Akamtazama dada yake.

"Kilikuwa nini, Kitinda?"

Akamwambia. Alimwambia kwamba chini ya granaiti, chini ya kila wanachokijua, kuna mwamba wa moto ambao hauyeyuki hivihivi, kwa kuwa uzito wa dunia umeubana. Lakini kwa muda mrefu sana magadi na hewa ya ukaa vilipenya humo kidogo kidogo, na mahali vilipopenya mwamba ule ukalainika, ukayeyuka kidogo, kama chumvi inavyoyeyusha barafu. Tone kwa tone ukakusanyika. Ardhi ilipopasuka, ukapanda ule ufa kwa kasi. Sehemu kubwa ya hewa ikatoka juu na kupotea. Iliyokuwa katikati haikuwahi. Ikageuka chokaa, ikakaa. Wakati huo, kwa makisio yake, hakukuwa na mnyama mwenye mfupa popote duniani, wala jani.

"Ikakaa muda wote huo," kaka yake alisema taratibu.

"Muda wote huo."

"Halafu nikaja mimi na ndoo ya asidi." Alijaribu kucheka, kikohozi kikamshika, na wifi akainuka haraka mno, kiti kikaanguka.

Mkuu wa maabara aliitisha kikao. Daktari alisimama akasema wazi ni yeye aliyeagiza magunia yote kwa pamoja. Feni ya chini ikaunganishwa na jenereta, king'ora cha hewa kikafungwa karibu na sakafu, na mlango wa nyuma ukaamriwa usizibwe tena na chochote. Kaka yake alirudi kazini baada ya wiki kadhaa, kwenye msumeno tu, orofa ya juu. Wengine walisahau upesi. Daktari hakuweza. Akiingia chumba chochote kilicho chini ya usawa wa barabara, iwe benki au duka, pumzi zake zilianza kukimbia, na ulimi ukaonja uchachu ambao haukuwepo.

Mabaki ya mapipa yalichekechwa na maabara nyingine, na majibu yakaja: zaidi ya miaka milioni elfu moja. Yalihitajika mawe machache ya kuthibitishia. Asubuhi ya safari wifi alikuwa tayari ameketi kwenye gari, mkoba mapajani.

"Nataka kuliona," akasema.

Tingatinga lilikuwa limeacha mkato safi barabarani, granaiti nyeupe kulia, granaiti nyeupe kushoto, na katikati Ukuta, mweusi, ukimeta kwenye jua. Upepo ulikuwa ukivuma kilimani, hewa tele. Wifi alishuka, akasimama mbele yake kwa muda, kisha akaweka kiganja juu ya jiwe.

"Hili?"

"Hilo."

"Linashuka mpaka wapi?"

"Mpaka nisikokujua, wifi. Mbali sana."

Wifi alilitazama jiwe pale linapoingia ardhini. Polepole akauondoa mkono wake, akaupangusa kwenye gauni, akarudi nyuma hatua mbili tatu mpaka bega lake likagusana na la Daktari. Kati yao hakuna aliyesogea pembeni.

"Chukua mawe yako upesi," wifi alisema. "Mimi nimekusimamia hapa."